Usipite Nyuma ya Prado

Kwetu Lamu mtoto hufundishwa mambo matatu kabla hajang'oka meno ya utoto: kuamkia wakubwa, kuvua viatu mlangoni na kutopita nyuma ya punda. La kwanza na la pili ukiyasahau utakumbushwa na wazee. La tatu utakumbushwa na punda mwenyewe. Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hubana tumbo, na punda akisimama katikati na mzigo wa mawe huna budi kumwendea kwa mbele, umguse shingo, umwombe radhi, kisha ujipenyeze ubavuni. Wageni hupita nyuma. Wageni hao ndio huchechemea hadi jetini.

Niliolewa Garissa. Nilivuka maji hadi Mokowe, nikapanda basi, tukapita Witu, Garsen na Hola, na njia nzima nikijiambia kwamba elimu ile ya punda nimeiacha ng'ambo pamoja na udi na mkate wa mofa. Garissa nao wana punda, tena si haba. Ndio wanaovuta mikokoteni ya maji mtaani. Kuna mtaa mzima unaoitwa Bula Punda, na ukivuka daraja la Tana kwenda upande wa Madogo kuna mahali panaitwa Kona Punda. Lakini punda wa Garissa nyuma yake kuna mkokoteni, na mkokoteni haurushi teke. Nikajiona nimestaafu.

Kisha, mwaka 2014, Baba Watoto akanunua Prado.

Ilitoka Japani kupitia Mombasa, toleo la 2007, ikiwa imebakisha muda mchache tu kutimiza ile miaka minane ambayo serikali imeyawekea magari makuukuu kabla ya kuyafungia mlango. Ilikuja ikisema Kijapani. Kila ukiiwasha, mwanamke mpole aliyejificha ndani ya dashibodi alitamka maneno marefu kwa adabu kubwa. Ayeyo, yaani mama mkwe wangu, watoto humwita Ayeyo kwa kuwa ni bibi yao, nami humwita Hooyo kwa kuwa ndivyo nilivyokuta akiitwa na wanawe, aliamini kabisa kwamba yule mwanamke anatusomea dua ya safari. Akawa kila asubuhi anamwitikia, "Amin." Baada ya miaka miwili mgeni mmoja aliyewahi kusoma Japani alitueleza kwamba mwanamke yule hulalamika tu: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Ayeyo hatukumwambia. Mpaka leo anaitikia, na mpaka leo hatujapata ajali, kwa hivyo sina ubishi.

Siku ya kwanza majirani walizunguka gari, wakapiga matairi mateke, wakafungua boneti wakatazama ndani kwa uso wa daktari. Mimi nilikwenda nyuma, maana nyuma ndiko mwanamke hukaa na gari: mafuta ya kupikia, unga, kibuyu cha maziwa ya ngamia, nguo za harusi, viatu vya watoto visivyo na wenzao. Nikakuta mlango usionyanyuka kwenda juu kama wa Probox, gari ambalo huku kwetu limekwisha kubeba kila kitu isipokuwa bahari. Huu ulifunguka kwa ubavu, kama mlango wa kabati, na kwa nje umebeba tairi ya akiba ndani ya kifuniko kigumu, kama mama aliyebeba mtoto mnene mgongoni.

Nikavuta kitasa. Mlango ukaja. Ukaendelea kuja.

Niseme ukweli, aliyeubuni mlango ule hakuwa mjinga. Tairi ya akiba ikitundikwa chini ya gari, siku umezama mchangani utalazimika kuchimba kama mhanga kabla ya kuifikia, na siku hiyo ndiyo huwa umevaa kanzu nyeupe. Ikitundikwa mlangoni unafungua nati tatu ukiwa umesimama wima kama binadamu. Bawaba nazo ziko kulia na kitasa kiko kushoto, kwa sababu Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Ukiegesha kando, unatoa mizigo ukiwa upande wa wapita njia, na mlango wenyewe unakaa kati yako na magari. Ukivuka Moyale ukaingia Ethiopia, ambako huendesha kulia, mlango huohuo unakuwa adui: unakuzibia kando na kukusukuma katikati ya barabara. Haya niliyajua baadaye, nilipoanza kuusoma mlango ule kama watu wasomavyo tabia ya mkwe.

Tatizo ni kwamba Garissa hatuegeshi kushoto wala kulia. Tunaegesha palipo kivuli. Kwa jua ambalo nyuzi 35 kwake ni asubuhi njema, mwarobaini mmoja una thamani kuliko alama zote za barabarani. Unaingiza pua ya gari chini ya mti, unamshukuru Mungu, unakwenda zako sokoni. Ukirudi na magunia, gari la mtu mwingine limeingiza pua yake chini ya kivuli cha gari lako, pengo lililobaki ni la paka, na mlango wako unahitaji karibu mita nzima ili ufunguke. Mwenye gari la nyuma yuko hotelini anakunywa chai na hana haraka. Probox ingefunguka kidogo kwa chini ukachomeka vitu. Prado nayo ina kioo cha nyuma kinachofunguka peke yake, neema kubwa kwa watu warefu. Mimi Mungu alinipa sauti, kimo akampa dada yangu. Nimewahi kuitupia gari langu vitunguu kilo kumi, kimojakimoja, kama mtu anayelisha twiga.

Na kurudi kinyumenyume! Nyuma huoni kitu. Kioo kimekatwa nusu na tairi, nusu nyingine na viti, na mbuzi wa mtaa wamelala chini ya gari wakila kivuli bure. Mwanangu wa pili ndiye aliyeteuliwa kunielekeza. Husimama nyuma, mkono juu, akiimba: "Njoo, njoo, njoo, njoo..." kisha husikika kishindo, naye husema, "Umefika."

Lakini lile teke la kwanza nililipata mtoni.

Kando ya Tana kuna mashamba, na msimu wa matikiti ukifika watu hushuka wenyewe kununua huko huko, bei ni nafuu na matikiti yana maji kama yalichotwa mtoni asubuhi ile. Tulishuka na gari, pua ikitazama mto, mkia ukitazama barabara. Nikafungua mlango, nikainama ndani kupanga matikiti kumi na manne. Sasa fikiria kidogo. Gari limeinamia mbele. Mlango umesimama wazi, mzito, bawaba zake hazijui neno "subiri". Kila kizito hutafuta bondeni, na bondeni kwake ni kule ambako mimi nimeinama. Ulirudi kimyakimya, bila hata ishara ya onyo ambayo punda huitoa kwa masikio, ukanipiga pale ambapo mama mtu mzima hatarajii kupigwa, nikaingia butini kwa kichwa. Kipaji cha uso kikakutana na tikiti. Tikiti lilipasuka. Kipaji kilivimba.

Baba Watoto, mtu wa hesabu, alitafakari, akasema kosa ni mteremko. Akageuza gari, sasa pua inatazama barabara na mkia unatazama mto. "Fungua sasa," akasema, "hauwezi kurudi." Alisema kweli. Haukurudi. Ulininyang'anya kitasa mkononi, ukajitupa wazi hadi mwisho, gari zima likatikisika, na matikiti, ambayo nayo yalikuwa yakitafuta bondeni, yakanifuata. La kwanza nililidaka. La pili nililidaka kwa kuachilia la kwanza. Baada ya hapo niliruka pembeni, nikayaacha yapite kwa heshima zao. Yalishuka ukingoni yakidunda, mkulima na wanawe wakiyashangilia kwa majina ya wachezaji mpira. Mawili yaliingia Tana na yakaelea kuelekea Garsen. Nilisimama pale na nundu yangu nikifikiri: yatafika kwetu kabla yangu.

Punda ana teke moja, la nyuma. Huyu ana mawili: la kukuingiza na la kukutoa.

Wasomali wana kipaji cha kubandika lakabu ambacho sijakiona kwa watu wengine. Mwenye kilema haitwi kwa jina lake, mwenye masikio makubwa haitwi kwa jina lake, na kabla ya sala ya alasiri mimi nilikuwa Mama Tikiti. Miaka imepita. Nundu ilishuka kwa barafu na subira. Lakabu haikushuka.

Ayeyo hakucheka. Alikuja na hangool.

Kwa asiyeijua, hangool ni fimbo ya wafugaji, ncha moja ina panda na ncha ya pili ina kulabu. Panda husukumia matawi ya miiba unapojenga zizi, kulabu huyavuta. Yake ilikuwa imepakwa mafuta ya mikono ya miaka arubaini mpaka inang'aa. Aliutazama mlango, akautazama uzito wake, akaweka panda kwenye ukingo wa mlango na ncha ya pili kwenye kona ya buti, akaikandamiza. "Binti yangu," akasema, "mnyama mkubwa hashikwi kwa mkono." Mlango ukatulia.

Tangu siku hiyo hangool ikawa sehemu ya gari, kama jeki. Utaratibu ukawa huu: Baba Watoto huegesha, mwanangu wa kwanza hushuka kupima mteremko kwa kuweka chupa ya maji chini na kutazama inabingirikia wapi, mimi huvuta kitasa nikiwa nimejibana pembeni, kamwe si nyuma, Ayeyo huingiza hangool, ndipo unga hutoka. Kutoa pakiti mbili za unga kulihitaji watu wanne na chupa. Majirani walidhani tunabeba baruti.

Kwenye kizuizi kimoja njiani, siwezi kusema wapi na sina sababu, afisa kijana aligonga kioo. "Fungueni nyuma." Sote wanne tukashuka. Akashtuka kidogo, akarudi hatua moja. Mtoto akaweka chupa chini. Ayeyo akachomoa hangool.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya mlango, mwanangu," Ayeyo akamwambia.

"Mlango gani unafunguliwa kwa rungu?"

Nilimwomba asogee upande wa kushoto. Akaniambia nisimfundishe kazi. Nikanyamaza, maana ni kweli, sina mafunzo ya kazi yake, nina mafunzo ya punda tu. Lori likapita kasi, upepo wake ukaushika mlango kama tanga la jahazi. Hakuumia, alhamdulillahi. Kofia yake tu ndiyo iliyokwenda, tukaikuta kwenye mgunga. Alipoirudisha kichwani alituambia tuendelee na safari, na tuliporudi siku ya pili, alipotuona kwa mbali alitupungia tupite bila kusimama. Kwa hiyo mlango ule, pamoja na maovu yake yote, una faida hiyo.

Watoto walitaka kujua huyo mtoto aliyebebwa mgongoni ana kilo ngapi. Wakavua tairi na kifuniko chake, wakavitundika kwenye mizani ya muuza makaa. Kilo 33. Wakapiga hesabu ya mtaani: mbuzi jike wa Galla, yule mweupe wa huku kwetu, akikomaa hupita kilo 40. Kwa hivyo kila ukifungua mlango unazungusha kitu kisichopungua sana uzito wa mbuzi, mbuzi aliyeshikwa mbali na bawaba, na kila kitu ukikishika mbali na kiwiko huwa kizito mara dufu. Muulize aliyewahi kubeba ndoo kwa mkono ulionyooka. Isitoshe, Baba Watoto alikuwa amebadilisha tairi za asili akafunga pana zaidi. Alisema ni kwa ajili ya mchanga. Mimi naamini ni kwa ajili ya shemeji yake.

Nimetaja mbuzi. Hapo ndipo mkasa wenyewe ulipo.

Ilikuwa kuamkia Idd ya kuchinja. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki yote, na siku zile za kukaribia Idd ukisimama pembeni utadhani ardhi yenyewe inatembea: ng'ombe wa Borana, ngamia wenye dharau, kondoo wenye vichwa vyeusi kama wamevaa baraghashia, na madalali wakishikana mikono chini ya kitambaa ili bei ijulikane kwa vidole na isijulikane kwa jirani. Baba Watoto alichagua beberu mmoja mweupe mwenye macho ya mtu aliyewahi kufungwa na kutoroka. Nilimwambia. Nikamwambia tena. Akasema macho hayaliwi.

Tukatandika gunia butini, tukamfunga beberu miguu ya mbele, tukafunga mlango. Njia nzima alikuwa kimya, na mimi nilimsifu kwa adabu. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa kimya kwa sababu mdomo wake ulikuwa na kazi. Ule ukingo wa raba unaozunguka mlango, ule laini, unaozuia vumbi na maji, aliuanza kwenye kona ya chini kushoto na akaula kwa utaratibu kama mtu anayekula mua. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshapita nusu ya upande. Kamba ya miguu alikuwa ameila kwanza. Raba ilikuwa kitindamlo.

Hatukujua. Tulifanya utaratibu wetu kama kawaida. Chupa chini. Kitasa. Hangool. Mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka sita, akapandia viti vya nyuma akaingia butini ili amsukume mbuzi kwa ndani. Mbuzi hakuhitaji kusukumwa. Aliruka, pembe zikaipiga hangool, hangool ikaruka upande wake, na mlango, ambao ulikuwa ukingoja siku hiyo kwa miaka, ukarudi kwa kishindo. Hesabu ya haraka: mbuzi nje, mtoto ndani, Ayeyo bila fimbo, na mimi, kwa mara ya kwanza, nimesimama mahali sahihi.

Mtoto alikuwa amejikunja kwenye gunia akicheka mpaka machozi. Mbuzi hakugeuka nyuma. Alitoka langoni, akapiga kona ya kwanza, nami nyuma yake nimekusanya dera mkononi, nikipita mbele ya wanaume waliokaa kibarazani wakinihesabia hatua. "Mama Tikiti leo anafukuza nyama!" Alikatiza uchochoroni, akaruka mtaro, akaingia chini ya gari la mtu, akatokea upande wa pili akiwa safi kuliko mimi, akaelekea Bula Punda. Huko ndiko nilikompoteza.

Nilimkuta tena karibu na magharibi. Mwuza maji mmoja alikuwa akija pole pole na mkokoteni wake, na nyuma ya mapipa, amefungwa kwa kamba ya katani, alikuwa beberu wangu, akitembea kama anayesindikizwa na walinzi. Alimkuta akinywa maji yaliyomwagika chini ya bomba. Nilitaka kumlipa, akakataa, akasema Idd njema, mama. Nilipokwenda kumfungua mbuzi nilimzunguka punda kwa mbele. Nikamgusa shingo. Nikamwomba radhi kwa yote niliyowahi kumfikiria. Nyama ile tuliila siku ya pili, na siwezi kuficha, ilikuwa na ladha ya raba kidogo. Baba Watoto anasema ni mawazo yangu.

Gharama halisi ya ile raba tuliijua baada ya mwezi, tulipokwenda harusini upande wa Dadaab. Ni kama kilomita mia moja, na sehemu kubwa ilikuwa mchanga. Gari likienda kasi huipasua hewa kwa mbele, na nyuma yake huacha nafasi isiyo na hewa ya kutosha. Vumbi lililotimuliwa na magurudumu hukimbilia nafasi hiyo, na likikuta tundu mlangoni hufyonzwa ndani. Ndiyo maana vumbi la Prado huingilia nyuma hata kama vioo vyote vimefungwa. Tundu letu lilikuwa refu kama mkono wa mtu. Tulipofika, nguo za maharusi zilizoondoka nyeupe zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, anjera zilikuwa zimenyunyiziwa kitu ambacho si sukari, na Ayeyo, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, alishuka amefanana na sanamu yake. Dada wa bwana harusi alitazama nguo, akatutazama. Akasema rangi hiyo ndiyo inayovaliwa Nairobi sasa. Kuna watu Mungu amewaumba kwa ajili ya dharura.

Hapo ndipo tukalipeleka gari kwa fundi.

Alikuwa kijana mwembamba, spana nyuma ya sikio kama kalamu. Alitazama raba iliyobaki, akauliza, "Nani amekula?" kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona. Akaunyanyua mlango kwa mikono miwili, ukacheza juu na chini kama jino la mtoto. Bawaba zimechoka, akasema. Hii tairi pana ndiyo inayozinyonga. Kila shimo la barabarani mlango unaning'inia, na ukining'inia hauikamati raba hata ikiwa mpya. Rudisheni tairi ya saizi yake, au ivueni muiweke juu ya keria. Baba Watoto alipangusa kifuniko cha tairi kwa kiganja, kama mtu aliyeambiwa anyoe ndevu. Akauliza kama kuna njia ya tatu.

Wakati wanajadili njia ya tatu, Ayeyo alikwisha kuweka hangool mahali pake, maana mlango ulikuwa wazi na hakuuamini. Fundi akaitazama fimbo. Akatutazama sisi. Akainama, akaushika ule mkono wa gesi unaounganisha mlango na mwili wa gari, akauzungusha kidogo kwa vidole viwili. Pakasikika mlio mdogo. Akatoa hangool, akausukuma mlango kwa bega.

Haukwenda.

"Mama, hii shoki ina loki."

"Tangu lini?"

"Tangu Japani."

Palikuwa na kibandiko pale pale, cha manjano, kina mchoro wa mkono unaozungusha na maandishi ya Kijapani chini yake. Tulikuwa tumekiona kila siku. Tulidhani kinaonya kuhusu mafuta ya dizeli. Nilimgeukia Baba Watoto, naye akawa anatazama sana paa la gereji. "Wewe ulijua?"

"Nilishuku," akasema. "Lakini mlikuwa mmeshapanga kazi vizuri, kila mtu na yake. Sikutaka kumwondolea mama kazi."

Siwezi kuandika hapa niliyomjibu, kwa kuwa haya yatasomwa na watoto.

Tulitia raba mpya, bawaba zikakazwa na kupakwa grisi. Loki inafanya kazi vizuri sana. Ayeyo ameikataa. Anasema kitu cha kushika mlango ni lazima ukione kikiushika, na kidude kinachozungushwa kwa vidole viwili kitazungushwa na shetani pia. Kwa hiyo sasa tunazungusha loki, kisha tunaweka hangool, kisha mtoto, ambaye sasa amevunja sauti na ananipita kwa kichwa, bado anaweka chupa chini, kwa mazoea tu.

Mwaka jana, siku ya Idd, shemeji yangu alikuja kutoka Nairobi na Prado ya umbo jipya, ile iliyozinduliwa 2023. Watu walitoka majumbani. Hii tairi yake imefichwa chini ya gari, na mlango wa nyuma unanyanyuka kwenda juu, wenyewe, kwa kitufe, polepole kama bi harusi anayefunuliwa. Nilikwenda kutoa mabegi. Nilipomaliza nilitaka kuufunga, nikatafuta kitasa, kitasa kiko mbinguni. Nikaruka mara moja. Nikaruka mara ya pili, nikakigusa kwa ukucha. Mpwa wa mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama Mdogo, kuna kitufe," lakini nilikuwa nimeshaonekana na kibaraza kizima.

Wazee wa mtaa hawakujali kitufe. Waliona jambo moja tu: mlango ukiwa juu unatoa kivuli. Kabla sijashusha dera walikuwa wameshaleta viti vitatu na birika la chai, wamekaa chini ya mlango wakizungumzia bei ya ngamia. Kwa kweli lilikuwa baraza zuri. Ule wetu, miaka yote hii, haujawahi kumpa mtu kivuli.

Shemeji alikuwa ndani akila. Sijui alikumbuka nini, akabonyeza ufunguo akiwa kwenye mkeka. Gari likaanza kulia pi, pi, pi. Wazee wote watatu wakatoa simu mifukoni wakazitazama. Mlango nao unashuka. Mmoja akaweka simu sikioni akasema, "Haloo?" Mimi nikapiga ukelele.

Ayeyo alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka wake. Hakusimama hata. Alinyanyua hangool, akaielekeza juu, panda yake ikaupokea mlango hewani. Mlango ulipoigusa ulisita. Ukafikiri. Kisha ukageuka, ukarudi juu wenyewe, taratibu, ukatulia pale ulipokuwa, na kivuli kikarudi juu ya vichwa vya wazee kama hakuna kilichotokea.

"Huyu," Ayeyo akasema, akishusha fimbo, "amelelewa."

Halafu akageuza uso akautazama mlango wetu, uliokuwa wazi upande wa pili wa uwanja, umezungushwa loki. Akaniita niende nikauwekee hangool.